Msikiti wetu wa Ujiji ni wa zamani: tubomoe tujenge kuba kubwa, au tuuache?

"Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti mmoja huku Ujiji. Msikiti wetu ni wa zamani sana, kuta nene za tofali mbichi, juu kuna bati, na wazee wa miaka 80 na kitu wanasema wameukuta. Ijumaa watu wanajaa mpaka nje na mvua ikinyesha ni tabu. Sasa amepatikana mfadhili yuko tayari kujenga upya, ila anataka uwe wa kisasa, kuba la zege la upana wa mita 10 katikati na minara miwili mirefu, na ametuletea ramani iliyotumika Dar. Vijana wanafurahi, wanasema msikiti bila kuba sio msikiti. Wazee wanasema tukibomoa tumepoteza kitu hakirudi. Mimi nimewahi kusali kwenye msikiti mpya wenye kuba, sauti ya imamu inajirudiarudia huelewi kitu na dari linavuja. Je kuba ni lazima? Linabebwaje hasa, kuta zetu haziwezi? Na hiyo misikiti mikubwa ya wenzetu inafanywa kubwa na nini? Tunaomba ushauri kabla hatujasaini."

Waalaykum salaam warahmatullah ndugu katibu. Kwanza hongera kwa kuuliza kabla ya kusaini, maana mara nyingi sisi watu wa majengo tunaitwa kuba likishapasuka, na hapo kinachokuwa kimebaki ni lawama tu kati ya kamati na fundi. Nimesoma swali lako nikaona ndani yake yamefungwa maswali kama manne hivi, la dini, la uzito, la sauti, na lile la wazee ambalo vijana wanaweza kuliona ni hisia tu ila mimi nalihesabu kubwa kuliko yote. Mambo ya hukumu mtamuuliza shekhe wenu, mimi ntajibu kama mtu wa majengo, ila historia ya majengo yenyewe iko wazi na inajibu sehemu kubwa ya mnachobishania.

Tuanze na vijana. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina ulipojengwa mwaka 622 kuta zilikuwa za tofali za udongo, nguzo ni magogo ya mitende, paa ni makuti ya mtende na udongo juu yake. Kuba halikuwepo, mnara haukuwepo, Bilal alikuwa anapanda juu ya nyumba ya jirani kuadhini. Hata ile mihrabu iliyochimbwa ndani ya ukuta ambayo leo tunaona bila hiyo msikiti haujakamilika ilikuja mwanzoni mwa karne ya nane, msikiti ulipojengwa upya zama za khalifa al-Walid. Na lile kuba la kijani ambalo kila mmoja wetu ana picha yake ukutani nyumbani lilijengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1279, na rangi ya kijani likapakwa mwaka 1837, yaani zaidi ya miaka 1200 baada ya hijra. Kwa hiyo mtu akikwambia msikiti bila kuba sio msikiti mwambie kwa upole kwamba Waislamu wa mwanzo kabisa walisali kwenye msikiti unaofanana zaidi na huo wenu wa Ujiji kuliko ule wa kwenye ramani.

Na sio zamani tu. Msikiti wa Faisal kule Islamabad, Pakistan, uliokamilika mwaka 1986 ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa duniani na hauna kuba, mbunifu wake Vedat Dalokay kutoka Uturuki aliupa sura ya hema kubwa la jangwani lenye minara minne pembeni. Watu walimlaumu sana mwanzoni, wakasema hilo sio jengo la ibada, leo ndio alama ya mji. Msikiti Mkuu wa Djenné kule Mali, jengo la sasa ni la mwaka 1907, ni wa udongo, kuta za udongo, paa la magogo ya mitende na udongo, hauna kuba hata moja na bado watu wanatoka pembe zote za dunia kuutazama.

Sasa kuba ni nini? Kuba ni paa. Ni njia ya kufunika nafasi pana bila kujaza nguzo katikati, iliyobuniwa na watu ambao hawakuwa na nondo wala mbao ndefu. Uzuri wake ulikuja kwa sababu lilikuwa linafanya kazi, na nasisitiza hili kwa sababu mkishalichukulia kama paa mtaanza kuuliza maswali ya paa: lina uzito gani, uzito unakwenda wapi, maji yanakwenda wapi, sauti inakwenda wapi.

Uzito kwanza. Kuba la nusu duara la upana wa mita 10, zege likiwa na unene wa sentimeta 12 tu, lina eneo la karibu mita za mraba 157, hiyo ni karibu mita za ujazo 19 za zege, na mita moja ya ujazo ya zege ni tani 2.4, kwa hiyo mnaweka juu ya vichwa vya watu karibu tani 45, hapo sijahesabu vigae, lipu wala ule ukuta wa mviringo ambao kuba linaukalia. Paa la kenchi na bati kwa eneo hilohilo ni tani chache tu. Hiyo ndio tofauti mnayotaka kuibebesha ardhi ya Ujiji.

Lakini uzito wa kwenda chini sio shida kubwa, ukuta mzuri unabeba. Shida ya kuba ni kwamba linasukuma pembeni. Chukua chungwa, likate katikati, kamua, kisha lifunike ganda juu ya meza na ulikandamize juu kwa kiganja. Utaona midomo yake inafunguka na kupasuka kwenda juu. Kuba linafanya hivyohivyo: sehemu ya juu inabanwa na inakuwa imara sana, ila ukishuka zaidi kidogo ya nusu ya safari zege linaanza kuvutwa badala ya kubanwa, na zege halipendi kuvutwa, linapasuka. Ndio maana nyufa za makuba karibu zote zinaanza chini na kupanda wima. Dawa yake ni mkanda wa zege wenye nondo za kutosha unaozunguka kitako cha kuba bila kukatika, na chini yake nguzo za zege zenye msingi wake wenyewe. Fundi akikwambia atakalisha kuba juu ya kuta za zamani, au akisema nondo ataweka kidogo kwa sababu zege ni nene, simamisha kazi siku hiyohiyo. Ukuta wa tofali mbichi unabeba vizuri kinachoshuka wima, kwa kusukumwa pembeni ni dhaifu hata ukiwa mnene.

Hata mabingwa wamefundishwa na hili kwa machungu. Hagia Sophia ya Istanbul ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, na kuba lake la mita 31 hivi lilikuwa limebinuka kidogo tu, yaani bapa, na kuba bapa linasukuma pembeni zaidi. Matetemeko yakalitikisa na mwaka 558 likaanguka. Walipolijenga upya, kazi ikaisha 562, walilipandisha karibu mita 6 juu zaidi ili nguvu zishuke wima kuliko kusukuma kuta. Karne nyingi baadaye jengo likiwa limeshakuwa msikiti, Mimar Sinan, mjenzi mkuu wa masultani wa Uturuki, aliliongezea miega mikubwa nje, yaani nguzo nene za kuegemeza kuta, ili lisimame. Huyohuyo Sinan ndiye aliyejenga msikiti wa Süleymaniye hapohapo Istanbul kati ya 1550 na 1557, kuba la upana wa mita 26 na nusu hivi, kilele chake mita 53 kutoka sakafuni, na ukiangalia picha utaona kuba kubwa limeegemea nusu kuba mbele na nyuma, zile zimeegemea makuba madogo, yale yameegemea miega iliyofichwa ndani ya kuta, mpaka nguvu inafika ardhini ikiwa imechoka. Watu wanapiga picha wakidhani ni urembo, kumbe kila kinundu pale kina kazi. Kwa hiyo ukinakili kuba peke yake ukaacha vyote vilivyolizunguka, umenakili sura ukaacha mwili.

Hapa nyumbani mfano mzuri kabisa ni Kilwa Kisiwani na natamani kamati nzima mngesafiri kwenda kuuona. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza karne ya 11 au 12 ukiwa ukumbi wa wastani tu, paa bapa. Mji ulipotajirika kwa biashara ya dhahabu, mwanzoni mwa karne ya 14 ukapanuliwa kwa upande wa kusini kwa makuba na matao, na mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta alifika Kilwa. Baadaye paa la sehemu ile mpya likaporomoka, wakalijenga upya karne ya 15. Sasa tazama mambo mawili pale. La kwanza, paa lile limejaa vikuba vidogo vidogo na matao, kila kimoja kinafunika nafasi ndogo kati ya nguzo na nguzo, kwa sababu mafundi wa mawe ya matumbawe na chokaa walijua kikubwa kinasukuma kwa nguvu na kidogo kinasukuma kidogo. La pili ni hili ninalotaka mlipeleke kwenye kikao: hawakubomoa. Ukumbi wa zamani wenye mihrabu upande wa kaskazini waliuacha mbele, upanuzi wakauweka nyuma yake. Msikiti ule umekuwa mkuu kwa kuongezwa, na leo uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981.

Kuna jambo la Kigoma ambalo mchoraji wa Dar huenda hakuliwaza kabisa. Ninyi mnakaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, ziwa lenyewe ni ufa uliojaa maji. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya Ziwa Tanganyika, nyumba zikaanguka na watu wakafa upande wa Kalemie kule Kongo, na nina hakika wazee wenu wengi wanaikumbuka siku ile. Mwaka 1910 lilipiga kubwa zaidi kusini, Rukwa, la 7.4. Na la Bukoba la Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu lakini liliua na kuvunja nyumba nyingi za tofali. Tetemeko linavuta jengo kwa kadiri ya uzito wake, kizito kinavutwa kwa nguvu, na kizito kilicho juu ndio hatari zaidi. Tani 45 juu ya nguzo ndefu, minara miwili myembamba pembeni ya ukumbi wenye watu mia tatu wamesujudu, hicho sio kitu cha kuchukua kwenye ramani ya mji mwingine. Inawezekana kujengwa na ikawa salama, Istanbul nao wako kwenye matetemeko, ila ni lazima injinia apige hesabu ya tetemeko kwa ardhi yenu hasa. Mnara usiotumika kuadhini ndani yake kwa sababu spika zimefungwa nje, binafsi ningeshauri mmoja mfupi wa nondo au chuma, wa pili hela yake iende kwenye maji na vyoo.

Na kwa haki niseme pia ubaya wa jengo lenu la zamani, maana wazee nao wasidhani nawapendelea. Tofali mbichi bila mkanda juu ni dhaifu kwenye tetemeko, kuta zinaachana kwenye kona na bati linafuata. Kwa hiyo jibu la "tuuache kama ulivyo" silikubali. Lakini kuna cha kufanya bila kubomoa: mkanda mwepesi wa kufunga kuta zote kichwani, kenchi zifungwe kwenye mkanda huo vizuri, kona zitiwe miega. Halafu maji. Tafadhali nenda kesho uangalie sehemu ya kutawadhia iko wapi. Nyingi nilizoziona zimegandamizwa ukutani, maji ya udhu mara tano kwa siku yanapenya kwenye msingi wa udongo mwaka baada ya mwaka, kisha watu wanasema msikiti umechakaa kwa uzee. Haukuchakaa kwa uzee, umeloweshwa. Na kama kuna mtu alipiga lipu ya saruji nje ya kuta za udongo akidhani anazilinda, hiyo nayo inazuia unyevu kutoka, udongo unaoza kwa ndani huku nje panang'aa, mpaka siku kipande kinaanguka kizima kizima. Ukuta wa udongo unataka lipu ya chokaa au ya udongo, inayopumua. Djenné wanaupaka upya msikiti wao karibu kila mwaka, mji mzima unatoka, vijana wanabeba matope, wanawake wanaleta maji, na hata hivyo mwaka 2009 mvua kubwa iliangusha sehemu ya mnara mmoja wakarudisha. Sisi tunataka jengo ambalo ukishakata utepe umemaliza, na jengo la aina hiyo sijaliona popote. Msikiti wa Hassan II pale Casablanca, uliofunguliwa 1993, mnara wake unazidi mita 200, hela iliyoingia pale huwezi kuifikiria, na haikupita miaka mingi chumvi ya bahari ikaanza kula nondo ikabidi zege likarabatiwe kwa gharama kubwa. Muulizeni mfadhili wenu nani atapanda kwenye kuba kuziba ufa mwaka wa tano, kwa ngazi ipi, na kwa hela ya nani.

Sauti sasa. Ulichosikia kwenye ule msikiti mpya ni kitu cha kawaida na kina sababu mbili. Kuba kwa sura yake linakusanya sauti na kuirudisha sehemu moja badala ya kuisambaza, na kitovu cha duara lake kikiwa karibu na usawa wa vichwa vya watu basi wale waliokaa katikati wanapigwa na mwangwi mkali na wa pembeni hawasikii vizuri. Pili, sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, ikipanda juu na kurudi ikachelewa zaidi ya sehemu ya ishirini ya sekunde sikio linaihesabu kama neno la pili, na ukumbi wa vigae, kioo na zege tupu unaiacha iendelee kuzunguka mpaka aya zinapandiana. Sinan alichomeka vyungu vitupu ndani ya kuba la Süleymaniye, midomo ikitazama chini, ili kuituliza sauti. Ninyi mtatumia zulia nene, lipu isiyo laini sana juu, na zaidi ya yote msifunge spika mbili kubwa mbele zikiwa zimefunguliwa mpaka mwisho, hilo ndilo kosa linaloua khutba nyingi. Fungeni ndogo nyingi, chini, zielekee kwa watu, kila moja kwa sauti ya wastani. Na mkibaki na bati wekeni dari lenye kitu cha kuzuia kelele juu yake, maana mvua ya Kigoma ikishuka kwenye bati tupu wakati wa khutba hata maiki ya bei gani haisaidii.

Kuvuja nako hakuna uchawi. Zege la kuba linapikwa na jua mchana, linapigwa na mvua baridi jioni, linatanuka na kunywea kila siku, nyufa ndogo zinafunguka, na vigae vilivyobandikwa juu vinaficha nyufa hizo huku vikihifadhi maji chini yake. Mahali panapovuja zaidi ni pale kuba linapokutana na paa bapa, pasipokuwa na mteremko maji yanatuama.

Nimeiacha mwisho ile ramani ya Dar kwa sababu ina kosa moja ambalo likipita halirekebishiki. Dar es Salaam iko karibu kabisa chini ya Makka, kibla chake ni kaskazini, kimepotoka kama digrii moja tu. Kigoma mko magharibi zaidi, kibla chenu ni karibu digrii 20 kutoka kaskazini kuelekea mashariki. Tabora ni kama 14. Fundi akichukua ramani ya Dar akaweka ukuta wa mbele kwa mshale wa kaskazini uliochorwa pale, mtakuwa na jengo la mamilioni ambalo safu zinakatwa mshazari kwa utepe kwenye zulia mpaka kiama, na kila safu inapoteza watu pembeni. Pimeni wenyewe. Kila mwaka tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, jua linakuwa juu ya Kaaba wima kabisa, na tena tarehe 15 au 16 Julai saa sita na dakika 27. Saa zetu na za Makka ni sawasawa kwa hiyo hamna hesabu ya kubadilisha. Simamisheni mti ulionyooka kwa timazi, kivuli chake kitalala kinyume cha kibla, chora mstari wake ardhini, umemaliza. Ni sahihi kuliko dira ya simu, ambayo ukiwa karibu na nondo au bati inadanganya. Pimeni na mihrabu ya zamani kwa njia hiyo, na msishangae mkikuta wazee waliotangulia walipatia.

Baada ya kibla panga safu, kabla hata ya kufikiria paa. Mtu mmoja anahitaji upana wa kama sentimeta 60 na safu hadi safu mita 1.2. Ukumbi wa upana wa mita 15 na kina cha mita 12 unachukua watu 25 kwa safu, safu 10, watu 250. Kuba la mita 10 juu ya nguzo nne nene linasimamisha nguzo katikati ya safu hizo, na masheikh wenu wanajua maneno yaliyopo kuhusu safu kukatwa na nguzo. Ukumbi mpana kuliko kina ni bora kwa sababu watu wengi zaidi wanapata safu ya kwanza, ndio maana misikiti mingi ya kale imekaa kwa upana.

Sasa mfanye nini. Mimi ningekuwa kwenye kamati ningesimamia hivi: ukumbi wa zamani ubaki, uimarishwe, uwe mbele kwenye kibla kama Kilwa. Nyuma na pembeni uongezwe ukumbi mpya wenye nguzo za zege zinazojitegemea na msingi wake, umeachana na ukuta wa zamani kwa nafasi ndogo ili likija tetemeko kila jengo litikisike peke yake, paa jepesi la kenchi za chuma, baraza pana za kuzuia mvua, sehemu nzuri ya wanawake yenye mlango wake, na sehemu ya udhu mbali na kuta. Kama mfadhili na vijana roho yao iko kwenye kuba, na sio vibaya, kuona kuba kutoka mbali ukijua pale pana watu unaosali nao ni furaha ya kweli, basi liwekwe kuba jepesi la fremu ya chuma lililovikwa bati au alumini juu ya sehemu mpya, dogo, lenye madirisha kitakoni mwanga uingie. Linapendeza, halisukumi kwa nguvu, na likivuja linafunguliwa kipande. Kuba la zege la mita 10 silikatazi, ila liwe kwenye kiwanja kitupu, baada ya udongo kupimwa, kwa michoro ya injinia na kontrakta aliyewahi kulifanya, na bajeti yake iwepo yote mkononi, kwa sababu kuba halijengwi nusu likasubiri michango.

Na wazee wasikilizwe hasa. Uislamu haukuja Ujiji kwa meli, ulitembea kwa miguu na misafara kutoka pwani kupitia Tabora mpaka ziwani, na pale Ujiji kuna ukumbusho wa wageni wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, watalii wanaletwa kuuona. Kuta za tofali mbichi ambazo watu wenu wamesujudu ndani yake vizazi na vizazi hazina hata kibao, na siku zikibomolewa hazina nakala. Kabla ya lolote waandikieni watu wa Mambo ya Kale waje waangalie, kwa sababu sheria inalinda majengo ya umri fulani, na waulizeni viongozi wa dini kuhusu wakfu wa kiwanja, isije kujengwa kitu kikaleta kesi.

Kutoka mbali siwezi kukwambia kuta zenu ni nzima, hilo linataka mtu aje azione. Tafuteni injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, michoro ipite Manispaa ya Kigoma-Ujiji kupata kibali, na ramani ya Dar msiitumie kwa jinsi yoyote zaidi ya kuangalia sura. Wakati mnamsubiri, fanyeni kitu kimoja cha bei ndogo: kila ufa ulioko ukutani bandika juu yake kipande chembamba cha kioo kwa saruji pande zote mbili za ufa, andika tarehe. Kioo kikibaki kizima mvua zote mpaka Mei, ufa huo ni wa zamani na umetulia. Kikipasuka, ukuta bado unatembea, mwiteni injinia wiki hiyohiyo. Na mkiona ufa unaopitisha kidole, au kona mbili zinaachana, au ukuta umetoa tumbo nje, msisubiri injinia wala mfadhili, funga mlango na Ijumaa hiyo salini nje chini ya turubai.